Kabla ya Kulipia Intaneti ya Simu za Ofisi, Hesabuni Kwanza

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mfanyakazi wa maendeleo ya jamii kwenye semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Kitui na Makueni. Tumeyachapa kwa sababu vikundi vingi viliomba kuyapata kwa maandishi.)

Najua wengi mmetoka mbali. Wengine mmeamka usiku huko Kyuso na Mutomo, na wengine mmevuka Mto Athi kutoka Makueni. Kwa hivyo sitawachosha na maneno mengi ya utangulizi.

Nimeombwa nizungumze juu ya swali ambalo vikundi vilivyoungana na kufungua ofisi vinaniuliza sana siku hizi. Swali ni hili: tukitaka kuweka simu za ofisi zinazopita kwenye intaneti, tulipie intaneti ya kiasi gani?

Mimi si fundi wa mitambo. Nilisomea kazi ya jamii, nikapata diploma, na miaka mingi nimekuwa nikitembea na vikundi vya mwethya, matuta na mabwawa ya mchanga. Haya nitakayosema niliyapata kwa kuuliza mafundi, kwa kusoma, na zaidi kwa kukosea. Basi nitaanza na kosa lenyewe.

MAGUNIA YALIYOLOWA

Ilikuwa Januari 2024. Mnakumbuka zile mvua za El Niño zilizoanza 2023, zikapitiliza mpaka mwaka mpya. Ndengu ilikuwa imeshavunwa. Muungano wa vikundi ninaosaidia ulikuwa umeweka simu nne za intaneti katika ofisi yake. Tulikuwa tumenunua intaneti iliyoandikwa kwenye karatasi ya matangazo, "hadi megabiti 10". Tulifurahi. Tuliona tumefika mjini.

Jumatatu moja asubuhi mnunuzi alipiga simu kutoka Nairobi. Chumba cha pili kijana wetu mmoja alikuwa anatuma video ya kazi ya matuta kwa wafadhili. Sauti ya mnunuzi ilikuja vipande vipande. Katibu alisikia hivi: "Lori ... ji Jumanne ... leteni ndengu yote." Akaandika Jumanne. Habari ikatumwa vijijini.

Jioni hiyohiyo akina mama walileta magunia kwa punda na kwa bodaboda. Ghala letu ni dogo, likajaa. Yaliyobaki yakapangwa nje chini ya turubai. Jumanne tukangoja mpaka jua likazama, lori hakuna. Nilipompigia mnunuzi kwa simu yangu ya mkononi, alishangaa. Yeye alikuwa amesema, "Lori haliji Jumanne, linakuja Alhamisi, leteni ndengu yote."

Usiku ule mvua ilinyesha na upepo ukalivua turubai. Magunia 14 yalilowa. Alhamisi mnunuzi aliyakataa, na mimi siwezi kumlaumu, maana ndengu iliyolowa huota au huvunda. Mama mmoja alikuwa na magunia mawili tu, na yote mawili yalikuwa miongoni mwa yale 14. Hiyo ndiyo ilikuwa karo ya mtoto wake wa kidato cha kwanza. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu: "Mwalimu, kwani hii simu yenu mpya ina kazi gani?"

Siku ile sikuwa na jibu. Mazungumzo ya leo ndiyo jibu langu.

SAUTI HUSAFIRI NAMNA GANI

Wenye umri kama wangu wanakumbuka simu ya kukoroga kwa mkono. Unamwomba opereta akuunganishe, na ukishaunganishwa, njia ile ni yako peke yako mpaka umalize. Kama njia zimejaa, unaambiwa ungoje.

Simu ya intaneti haiko hivyo. Mashine hukatakata sauti yako kuwa vipande vidogo na kutia kila kipande ndani ya bahasha yenye anwani. Kwa kawaida ni bahasha 50 kila sekunde. Bahasha hizo hupita njia moja na kila kitu kingine kinachotumwa na ofisi: barua pepe, picha, ripoti, video. Hakuna anayeambiwa angoje nje. Wote huingia na kusukumana.

Barua pepe ikichelewa sekunde tano hakuna anayejua. Bahasha ya sauti ikichelewa nusu sekunde haina kazi tena, maana neno lake limeshapita. Mashine huitupa. Hivyo ndivyo "haliji" ilivyogeuka kuwa "ji".

Upana wa njia hiyo ndio mafundi wanaouita bandiwidi. Hupimwa kwa kilobiti au megabiti kila sekunde, na megabiti moja ni kilobiti 1,000. Msichanganye biti na baiti. Baiti moja ni biti 8. Upana wa njia huuzwa kwa megabiti, lakini bando la simu huuzwa kwa megabaiti au gigabaiti. Upana ni kama unene wa bomba, na bando ni kama maji yaliyo ndani ya tangi. Unaweza kuwa na tangi kubwa na bomba jembamba, na pia kinyume chake.

JE, MNAZIHITAJI KWELI?

Kabla ya kufika kwenye hesabu, niseme wazi. Kama kikundi chenu kina watu 25 na katibu anapokea simu kumi kwa siku, msinunue mitambo hii. Simu ya mkononi ya kawaida inatosha, na pesa hizo zinunue mabati ya ghala.

Simu za intaneti zinafaa pale ambapo ofisi ina meza kadhaa, wanachama mamia kadhaa, na watu wanataka kupiga nambari moja na kupelekwa kwa mweka hazina, kwa afisa wa mikopo au kwa mtu wa ghala. Hapo zinasaidia.

Tena msidanganywe na neno "bure". Simu ya intaneti kwa intaneti haina malipo mengine zaidi ya intaneti yenyewe. Lakini ukimpigia mwanachama aliye na mulika mwizi kule Zombe au Kathonzweni, simu hiyo lazima itoke kwenye intaneti na kuingia kwenye mtandao wa simu, na hapo unalipishwa kwa dakika. Ulizeni bei hiyo mapema.

HATUA YA KWANZA: DAFTARI LA SIMU

Tunapopanga bwawa la mchanga, hatulipangi kwa mwezi wa Novemba mto ukiwa umefurika. Tunalipanga kwa Septemba, wakati mama anakaa kwenye kisima cha mchangani akingoja maji yachuje kikombe kwa kikombe. Bwawa likitosha Septemba, litatosha mwaka mzima.

Simu nazo zina Septemba yake. Ni ile saa moja ya wiki yenye kazi nyingi kuliko zote. Kwa ofisi nyingi hapa kwetu ni asubuhi ya siku ya soko, kuanzia saa tatu hadi saa nne. Pangeni kwa saa hiyo.

Chukueni daftari la shilingi chache. Kwa wiki mbili, kila simu inayoingia au kutoka, andikeni mambo matatu tu: siku, saa iliyoanza, na dakika ilizochukua. Wiki mbili zikiisha, tafuteni saa iliyojaa kuliko zote. Hesabuni simu ngapi, na kila moja ilichukua dakika ngapi kwa wastani.

Ofisi yetu ilipata simu 20 katika saa hiyo, dakika tatu kila moja. Kwa jumla ni dakika 60.

HATUA YA PILI: NJIA NGAPI KWA PAMOJA?

Sasa hapa watu wengi huanguka, nami nilianguka. Nilisema, "Dakika 60 ni saa moja kamili. Basi njia moja ya simu inatosha." Kwenye karatasi ni kweli. Lakini watu hawapigi simu kwa zamu. Mmoja hamalizi ndipo mwingine aanze. Kioski cha maji kinaweza kukaa bila mtu nusu saa, kisha punda kumi wafike mara moja.

Kuna Mdenmarki mmoja aliyeitwa Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Mwaka 1917 alitoa kanuni ya kuhesabu jambo hili, na mafundi wa simu wanaitumia hadi leo. Mzigo wa dakika 60 katika saa moja wanauita erlangi moja, kwa heshima yake. Hamna haja ya kuijua kanuni yenyewe. Nitawapa majibu yake kwa mzigo wetu wa dakika 60:

Mkiwa na njia 1, watu 50 katika kila 100 wanaopiga watakuta imejaa.
Mkiwa na njia 2, watu 20 katika kila 100.
Mkiwa na njia 3, watu 6 hivi katika kila 100.
Mkiwa na njia 4, mtu 1 au 2 katika kila 100.
Mkiwa na njia 5, watu 3 hivi katika kila 1,000.

Mnaona sasa? Ile njia moja iliyoonekana kutosha inafukuza nusu ya wanachama. Njia nne zinatosha kabisa. Ya tano ni anasa, labda kwa ofisi inayopokea simu za wagonjwa. Sisi tulichagua nne.

HATUA YA TATU: KUZIDISHA

Sauti hubanwa kwa kanuni mbalimbali ambazo mafundi wanaziita kodeki. Nitataja mbili, maana ndizo mtakazosikia.

Ya kwanza ni G.711. Hii ni ya zamani, ya 1972, na sauti yake ni safi. Sauti yenyewe inachukua kilobiti 64 kila sekunde. Ongezeni uzito wa zile bahasha na anwani zake, mtapata kilobiti 87 hivi. Sisi tusumbuke na nini? Tuseme 100.

Ya pili ni G.729. Hii inabana sana. Sauti inachukua kilobiti 8 tu, lakini bahasha ni zilezile 50 kila sekunde, kwa hivyo jumla ni kilobiti 31 hivi. Yaani bahasha ni nzito kuliko barua iliyo ndani. Tuseme 35.

Sasa zidisheni. Njia nne mara 100 ni kilobiti 400. Ongezeni robo yake kwa tahadhari, mnapata kilobiti 500, yaani nusu megabiti. Kwa kodeki nyepesi, nne mara 35 ni 140, na pamoja na robo ni 175.

Nilipopata jibu hilo nilikaa kimya. Nusu megabiti! Na sisi tulikuwa tumelipia "hadi megabiti 10", mara ishirini ya hitaji letu, na bado magunia yalilowa. Ina maana tatizo letu halikuwa kununua kidogo. Sauti hula kidogo, lakini lazima ile kwa wakati wake, bila kukosa na bila kusukumwa.

Kumbukeni pia kwamba mazungumzo yana pande mbili. Nusu megabiti hiyo inatakiwa kwenda, na nusu megabiti nyingine inatakiwa kurudi.

HATUA YA NNE: PIMENI, MSIAMINI KARATASI

Rudini kwenye tangazo mkalisome tena. Neno "hadi" lina maana gani? Maana yake ni kwamba haitazidi hapo. Halisemi kwamba haitapungua.

Tena ile 10 ilikuwa ya kupokea peke yake. Njia nyingi za intaneti zinazouzwa kwa nyumba na ofisi ndogo ni pana upande wa kupokea na nyembamba upande wa kutuma, kwa sababu wateja wengi hutazama zaidi kuliko wanavyotuma. Mtu anayetazama mpira haoni shida. Anayeongea kwa simu anaiona, maana sauti yake lazima itoke. Fundi alipokuja kupima siku ya soko saa tatu asubuhi, upande wetu wa kutuma ulikuwa kilobiti 600. Hatukuwa tumeuliza kamwe juu ya upande huo.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kutia sahihi mkataba, ombeni siku za majaribio. Fungueni tovuti ya kupima intaneti mara tatu kwa siku, kwa wiki nzima, na siku ya soko mpime ndani ya ile saa yenye kazi. Andikeni namba hizi kwenye daftari:

Kwanza, upande wa kutuma. Chukueni namba ya chini kuliko zote mliyopata, msichukue ya juu. Hiyo ndiyo Septemba yenu.

Pili, upande wa kupokea, kwa njia hiyohiyo.

Tatu, muda wa kwenda na kurudi, unaoandikwa kwa milisekunde. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano linashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande mmoja. Kwa hivyo kwenda na kurudi kusizidi 300, na ikiwa chini ya 150 ni vizuri zaidi. Ikizidi hapo, watu huanza kuongea kwa wakati mmoja, mmoja akidhani mwenzake amenyamaza.

Nne, bahasha zinazopotea. Zisizidi 1 katika 100.

Juu ya muda huo, wenye ofisi mbali na barabara wasikilize vizuri. Intaneti ya setilaiti za zamani, zinazokaa juu kama kilomita 36,000, huchukua karibu robo sekunde kupanda na kushuka, hata kama ni pana namna gani. Hilo haliwezi kurekebishwa na fundi yeyote, kwa sababu ni mwendo wa mawimbi ya redio yenyewe. Ndiyo sababu simu za intaneti zilitushinda hapo zamani. Mambo yalibadilika mwaka 2009, mikonga ya TEAMS na SEACOM ilipofika Mombasa kupitia baharini. Siku hizi ziko pia setilaiti za chini, kama zile za Starlink iliyoanza Kenya mwaka 2023, ambazo ziko juu kama kilomita 550, na muda wake unafaa kwa sauti. Mtu akiwauzia intaneti ya setilaiti, swali la kwanza liwe: iko juu kilomita ngapi?

Wale wa Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei mna bahati ya kuwa kando ya barabara ya Mombasa, ambako waya wa fiba hupita. Ulizeni kama unafika mlangoni kwenu. Waya kupita barabarani si sawa na kufika ofisini, kama vile nguzo za stima zinavyoweza kupita juu ya paa lako na wewe unawasha koroboi.

HATUA YA TANO: SAUTI IPITE KWANZA

Kliniki nzuri ina foleni, lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa haambiwi akae nyuma ya mwenye mafua. Anapitishwa. Hakuna anayelalamika.

Ruta nyingi za ofisi zinaweza kufanya hivyo. Fundi anaiagiza ruta kwamba bahasha za sauti zipite kwanza, na kiasi fulani cha upande wa kutuma kiwekwe kando kwa ajili yake. Kwetu aliweka kilobiti 500 kando kwa sauti. Simu zikinyamaza, kiasi hicho hutumika kwa kazi nyingine. Simu ikilia, video inarudi nyuma. Kazi hiyo ilimchukua chini ya saa moja. Hatukununua intaneti kubwa zaidi.

Hata hivyo ruta inatawala mlangoni kwenu tu. Bahasha zikishatoka nje, mtoaji wa intaneti ana foleni yake. Kwa hivyo tuliongeza sheria za ofisi. Video na picha nyingi zinatumwa baada ya saa kumi na moja jioni. Kompyuta zimepangwa zijisasishe usiku. Na nywila ya intaneti haiandikwi ukutani. Siku ya mkutano mkuu wageni 60 wakiunganisha simu zao, hakuna hesabu itakayosimama.

UMEME NA NJIA YA AKIBA

Simu ya intaneti hufa stima ikipotea, na sisi tunajua stima zetu. Hesabu yake si ngumu. Ruta yetu inakula wati 12, na simu nne zinakula wati 12, jumla 24. Kwa saa tano ni wati-saa 120. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20 inabeba wati-saa 240, lakini betri ya asidi isitumiwe zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Nusu yake ni 120. Basi betri moja ya namna hiyo inatupa saa tano. Paneli ya sola inaijaza.

Na intaneti yenyewe inaweza kupotea. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, na intaneti ikadorora Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo hakuna daftari wala fundi wa kijijini wa kukusaidia. Kwa hivyo msitupe simu ya mkononi ya ofisi. Nambari yake iandikwe ukutani na kwenye kadi ya kila mwanachama.

GHARAMA YA BANDO

Kama ofisi yenu inatumia bando lenye kikomo, hesabuni hivi. Dakika moja ya G.711, kwenda na kurudi, hula megabaiti 1.3 hivi. Dakika moja ya G.729 hula karibu nusu megabaiti. Sisi tuna simu 60 kwa siku, dakika tatu kila moja, siku 22 kwa mwezi. Hizo ni dakika 3,960. Kwa G.711 ni kama gigabaiti 5 kwa mwezi, na kwa G.729 hazifiki 2. Mweka hazina aandike namba hiyo kwenye bajeti kabla ya mwezi kuanza. Bando likiisha tarehe 20, simu nazo zimeisha.

JIBU LA YULE MAMA

Kamati ilikaa, ikakubali kwamba kosa lilikuwa la ofisi. Wenye magunia yale 14 walilipwa nusu ya bei kutoka mfuko wa akiba. Nusu nyingine iliwapotea. Mtoto wa yule mama alichelewa kuingia shule wiki mbili, lakini aliingia.

Tukatunga sheria moja ambayo haihitaji mtambo wowote. Bei, idadi au siku ikitajwa kwa simu, katibu lazima airudie kwa sauti, na baada ya kukata atume ujumbe mfupi wa maandishi, na angoje jibu. Ujumbe wenye neno moja, "Alhamisi", ungeokoa magunia 14.

Mwaka uliofuata yule mama alikuja ofisini kuuliza bei. Alikuta simu inaongea vizuri, katibu anarudia maneno ya mnunuzi moja moja na kuyaandika. Akasikiliza, akaniambia, "Sasa naona kazi yake." Basi.

Ndugu zangu, msiogope hesabu hii. Mnahesabu debe za ndengu, mnahesabu hisa, mnahesabu mita za matuta. Hizi nazo ni hesabu za kuzidisha na kujumlisha. Msimwachie muuzaji awahesabie, kwa maana yeye anahesabu upande wake. Nendeni kwake mkiwa na daftari lenu mkononi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Saa yetu yenye simu nyingi kuliko zote ni ipi? Tunajua kwa kuandika au kwa kukisia?

2. Katika saa hiyo simu ni ngapi, na dakika ngapi kwa jumla? Tunahitaji njia ngapi kwa pamoja?

3. Upande wetu wa kutuma ulipimwa lini mara ya mwisho, na siku gani ya wiki?

4. Ni kazi gani za intaneti zinazoweza kungoja mpaka jioni? Nani atasimamia?

5. Stima ikipotea siku ya soko, wanachama watatupata kwa nambari gani?

6. Katibu wetu akisikia siku au bei vibaya leo, hasara itakuwa ya nani?